Kifua cha Baba Mkwe

Mkamwana hakuwahi kumgusa baba mkwe wake zaidi ya kumpa mkono wa salamu. Miaka yote waliyoshona mapazia pamoja katika chumba cha mbele, yeye kwenye cherehani, mama mkwe akipiga pindo, mzee kwenye meza ya kukatia, adabu ilikaa kati yao kama mtu wa nne. Mtaani mzee walimwita Mkasi, kwa sababu alikata vitambaa na maneno vilevile, bila kupima mara mbili.

Mchana huo Mkasi aliacha kukata katikati ya jora. Akaegemea meza, akajisugua kifua kwa ngumi.

“Kiungulia,” akasema kabla hajaulizwa.

“Kiungulia gani cha kukutoa jasho hivyo?” mkewe akauliza.

Kweli alikuwa amelowa, na uso umempauka. Mkamwana akasimama. “Baba, unasikiaje?”

“Kama mtu kaniwekea jora zima hapa. Na taya linauma. Na mkono huu. Mwanangu, shona, mapazia yanasubiriwa.”

Moyo, Mkamwana akawaza, na hapo hapo kichwa chake kikawa soko. Zamani, alipofanya kazi kiwandani, walifundishwa huduma ya kwanza kwa sanamu la plastiki lisilo na miguu. Walicheka sana siku ile. Kilichobaki kichwani ni kitu kimoja tu: moyo ukileta shida, bonyeza kifua. Bonyeza kwa nguvu. Lini hasa, na kwa nani, hayo yalikwenda na vicheko.

“Lala chini, Baba,” akasema, na mzee, kwa mshangao wa wote, akalala juu ya vipande vya vitambaa. Mkamwana akapiga magoti, akafumba macho kwa aibu, akaweka viganja kifuani pa mkwe wake, akabonyeza.

“Wewe!” Mkasi akapiga ukelele. “Nimekukosea nini?”

“Unamuua!” Mama mkwe akamvuta gauni kwa nyuma.

Mkamwana akaachia kama aliyeshika pasi ya moto. Akapiga simu ya dharura, vidole vikikosea namba, akaiweka kwenye spika. Akajibu mwanamke mwenye sauti tulivu. Mkamwana akamweleza kila kitu, hata la kubonyeza.

“Usibonyeze,” yule mhudumu akasema. “Anaongea, si ndiyo?”

“Anatukana.”

“Basi moyo wake unapiga. Inaonekana ni shambulio la moyo: mshipa unaoulisha moyo umeziba. Gari linakuja. Muinue akae, aegemee ukuta, magoti yakunjwe. Asitembee. Mfungulie vifungo. Aspirini humdhuru? Ana vidonda vya tumbo, au anatokwa na damu popote?”

“Hapana, hapana,” mama mkwe akajibu akiwa tayari anapekua kabati.

“Atafune kidonge kimoja. Asikimeze kizima.”

Mkasi akatafuna, akakunja uso, akasema aliyetengeneza dawa hiyo hana upendo na watu. Mkamwana akapumua. Sasa ameelewa: mtu wa moyo anakalishwa, haguswi kifua. Akairudia rohoni asiisahau.

Akiwa bado anairudia, kichwa cha mzee kikalala begani. Mwili ukateleza ukutani taratibu mpaka chini.

“Baba? Baba!” Akamtikisa mabega. Hakuna jibu. Kisha mzee akakoroma, mkoromo mzito kutoka kooni, kimya kirefu, halafu mwingine.

“Amelala, masikini,” mama mkwe akasema, machozi yakimlenga. “Dawa imemshika. Mwache apumzike.”

Mkamwana akataka sana kuamini hivyo. “Amelala,” akaiambia simu. “Anakoroma.”

“Anaitika ukimwita?”

“Hapana.”

“Kifua kinapanda na kushuka kama kawaida?”

Akatazama. Kimya. Mkoromo. Kimya.

“Hapana.”

“Hiyo si pumzi, dada. Moyo umesimama. Mlaze chali sakafuni. Sasa bonyeza.”

“Si umesema nisibonyeze?”

“Wakati ule ulikuwa unapiga. Sasa haupigi. Katikati ya kifua, kisigino cha kiganja, mkono mwingine juu yake. Kwa nguvu na haraka, ukiachia kifua kirudi juu. Nahesabu, nifuate.”

“Mara abonyezwe, mara asibonyezwe!” mama mkwe akalia. “Huyo mwanamke anatuchezea!”

Mkamwana naye hakujua kama wanachezewa. Hakujua lolote. Alibonyeza tu kwa kuwa sauti ilikuwa inahesabu na yeye hakuwa na kingine cha kushika. Kitu kikalia kwa ndani kama kijiti kikavu.

“Nimemvunja!”

“Mbavu hupona. Endelea.”

Kelele zikamleta kinyozi wa mlango wa pili, sega bado mkononi. Mkamwana alipoishiwa nguvu kinyozi akapokea, halafu akapokea yeye tena, mpaka watu wa gari la wagonjwa walipoingia na mashine ya kuushtua moyo, wakambandika vibandiko kifuani. Mwili ukaruka. Wakaendelea kubonyeza. Mashine ikashtua tena. Kisha mmoja wao akasema mapigo yamerudi, na Mkamwana akabaki amekaa kwenye vitambaa, asijue aamini lipi.

Jioni mumewe, dereva wa lori, akafika hospitali mbio, vumbi la safari likiwa bado mwilini. “Shangazi kaniambia Baba kafariki. Kinyozi kaniambia anaendelea. Mama anasema moyo ulisimama, mke wangu akampiga. Nishike lipi?”

Daktari akawaeleza: yaliyompata mzee ni mambo mawili, na yote mawili watu huyaita mshtuko wa moyo, ndiyo maana yanachanganya. Kwanza njia ya damu iliziba, ila moyo ukaendelea kufanya kazi kwa taabu. Kisha taabu hiyo ikavuruga umeme wake, ukasimama. Njia wameshaifungua.

“Kwa hiyo alikufa au hakufa?” mama mkwe akauliza.

“Yu hai, mama.”

“Najua yu hai. Nauliza pale katikati.”

Daktari akawafungulia mlango wa wodi, wakamwone wenyewe.

Mkasi mwenyewe alikuwa amefumbua macho, sauti imemkauka. Akamwita Mkamwana kwa kidole. “Wanasema ulinibonyeza mara mbili.”

“Ya kwanza nilikosea, Baba. Nisamehe.”

“Ya kwanza ndiyo naikumbuka.” Akataka kucheka, mbavu zikamkataza, akanung'unika mpaka muuguzi akawatoa nje wote.

Kwenye benchi la ukumbini mumewe akamshika mkono na kumshukuru. Hapo ndipo Mkamwana alipoanza kulia, kwa kwikwi, kama mtoto. Mumewe akamwuliza analia nini na mzee amepona. Akamwonyesha viganja vyake, akaendelea kulia.