Glasi ya Divai Kwenye Chungu cha Léonie

Watoto wa Léonie Gremaud walikuwa wanakuja kumpima akili siku ya Jumapili, saa sita mchana, kwa heshima zote. Hawakusema hivyo, bila shaka. Watu waliosoma hawasemi hivyo. Bintiye Josiane alipiga simu Alhamisi akasema, "Mama, tumekukumbuka jamani, tupikie fondue kama zamani," kwa sauti tamu hata Léonie akaingiwa na huruma. Dakika mbili baadaye simu ikapokea ujumbe uliokuwa unakwenda kwa kaka mtu, Bertrand, ukapotea njia: "Amekubali. Tumwangalie anavyopika. Akisahau kitu, wewe ndiye utakayemwambia habari za chumba. Mimi nitalia."

Josiane aliufuta ujumbe haraka. Lakini Léonie, ambaye kwa maoni ya wanawe hakumbuki kitu, alikuwa ameshausoma mara tatu na kuukariri pamoja na nukta zake.

Habari za chumba alizijua. Kilikuwa katika nyumba ya wazee kule chini mjini, Bulle, ghorofa ya pili, dirisha likiangalia maegesho ya magari. Jibu lilitakiwa Jumatatu. Kwa hiyo fondue, ile jibini inayoyeyushwa chunguni ichovywe mkate, ikiharibika, Léonie angefunga virago na kuiacha nyumba aliyoolewa humo miaka hamsini na minne iliyopita. Ikitoka vizuri, angebaki. Maisha ya mtu mzima yalikuwa yamewekwa ndani ya chungu cha jibini, na waliohusika wote waliona ni utaratibu mzuri kabisa.

Ubaya ni kwamba Léonie mwenyewe alikuwa na hofu. Jumapili ile asubuhi alisimama mbele ya kabati la jikoni muda mrefu, mlango uko wazi, asijue alichofuata. Kilikuwa kitunguu saumu. Alikikumbuka, lakini alikikumbuka akiwa ameshakaa kitini na kukata tamaa. Mtu wa miaka sabini na tisa akisahau kitu huambiwa ni ugonjwa. Wa miaka hamsini akisahau kilekile huambiwa ana kazi nyingi, apumzike.

Saa sita kasoro dakika kumi gari likaingia uani. Kuchelewa kungekuwa utovu wa adabu; kuwahi kulikuwa upelelezi. Akashuka Bertrand, mkubwa, mtu wa bima huko Zurich, tumbo mbele na ufunguo wa gari mkononi. Akafuata mkewe Ursina, mzaliwa wa hukohuko Zurich, mwanamke mpole aliyekuwa akimwogopa mama mkwe wake kwa miaka ishirini bila likizo. Josiane akashuka mwisho. Yeye hufundisha watu kupumua huko Lausanne, na watu wazima wenye mapafu yao humlipa.

"Mamaa!" Josiane akamkumbatia. "Umekonda. Unakula lakini?"

"Nakula mwanangu. Wiki iliyopita ulisema nimenenepa."

"Nilisema hivyo?"

"Umesahau. Ni kawaida."

Wakaingia jikoni wote watatu wakasimama ukutani kama wasimamizi wa mtihani. Léonie akakata punje ya kitunguu saumu, akaisugua ndani ya chungu kizito cha udongo mpaka harufu ikapanda. Akamimina maji kidogo, vijiko vichache tu, akaweka ile jibini laini ya vacherin aliyoikata vipande vyembamba tangu asubuhi. Akawasha moto mdogo kabisa, akaanza kukoroga taratibu kwa kijiko cha mbao, akichora namba nane.

Bertrand akakohoa. "Mama, divai iko wapi?"

"Ipo mezani, kwenye chupa yake. Una kiu?"

"Ya kutia chunguni."

"Chunguni haina kazi."

Bertrand akamtazama dada yake. Josiane akatoa simu, akaandika kitu, akairudisha mfukoni kwa huzuni kubwa.

"Na jibini ya Gruyère je?" Josiane akauliza, kwa ile sauti wanayotumia watu kumwongelesha paka aliye juu ya mti. "Si huwa nusu vacherin, nusu Gruyère, Mama?"

"Huwa, kwa wanaopenda. Leo vacherin peke yake. Ya baba yenu."

"Sawa Mama, sawa. Wala usijali."

"Sijajali."

"Na moto mbona mdogo hivyo?" Bertrand akainama kuchungulia chini ya chungu. "Hata haichemki."

"Ikichemka uniite," alisema Léonie, "nije niizike."

Ursina akacheka, akaona yuko peke yake, akaacha.

Marehemu baba yao, Marius, alitengeneza jibini huko malishoni majira ya joto thelathini na moja. Fondue aliyoipenda ni ile ya vacherin tupu, inayoyeyushwa kwa maji, vuguvugu tu, bila tone la divai, maana divai na moto mkali huiua. Watoto hawa waliila mpaka walipoota ndevu, yule mmoja, na kuondoka nyumbani, wote wawili. Huko walikokwenda walijifunza kununua fondue ya pakiti, iliyochanganywa tayari, unakata unamwaga unachemsha, na kwenye pakiti divai imo. Sasa pakiti ndiyo iliyokuwa imekuja kumsahihisha mama yao.

Jibini ilikuwa inaanza kulegea na kung'aa Léonie alipokumbuka matango madogo ya siki. Yalikuwa kwenye chumba cha chini.

"Ursina, shika kijiko. Taratibu. Usiguse moto."

Akashuka ngazi moja moja, mkono ukutani. Alichukua chupa ya matango, akachukua na viazi alivyovichemsha asubuhi, maana vacherin hupenda viazi kuliko mkate. Alichelewa kidogo kwa sababu ya goti.

Aliporudi, hakuna aliyemtazama. Bertrand alikuwa dirishani akitazama mlima aliouona tangu azaliwe. Josiane amekunja mikono kifuani. Ursina bado anakoroga, uso umemwiva. Ndani ya chungu jibini ilikuwa imejikunja ikawa donge moja gumu linalovutika, likiogelea kwenye maji ya manjano yenye mafuta.

"Pole Mama," alisema Josiane, na machozi yalikuwa tayari, kama alivyoahidi kwenye ujumbe. "Hutokea. Wala si kosa lako."

Léonie akaweka chupa ya matango juu ya meza. Akatazama chungu. Maji, je, aliyazidisha? Moto aliuwasha mdogo, au alidhani ameuwasha mdogo? Akakumbuka kabati la asubuhi, mlango wazi, na yeye amesimama pale na kichwa kitupu. Aliogopa, akaona haya, na haya ikawa kubwa kuliko hofu.

"Ndiyo," akasema polepole. "Labda nimekosea."

Hapo Bertrand akageuka kutoka dirishani haraka sana. Alikuwa ameandaa hotuba na aliitoa yote: hatari za ngazi, hatari za barafu, upweke, jiko, moto, wataalamu, bustani ya waridi kwenye nyumba ile ya Bulle, na jinsi ambavyo hakuna anayemlazimisha mtu. Josiane akatoa fomu kwenye mkoba. Akaketi, akaanza kuijaza yeye mwenyewe ili Mama asijichoshe. Kulikuwa na sehemu inayouliza kama mhusika husahau mambo ya kila siku, pamoja na mfano. Josiane aliandika haraka, bila kusita. Mifano haikuwa shida siku hiyo.

"Unaweka saini hapa tu, Mama."

"Kwanza tule," alisema Léonie.

"Tule nini? Hii?"

"Nyumba hii haitupi jibini. Kaeni."

Hakuna aliyethubutu kukataa. Chungu kikawekwa katikati ya meza juu ya jiko dogo la spiriti, kila mtu na uma wake mrefu na rundo lake la mkate. Léonie akavuta chupa ya divai nyeupe ammiminie kila mmoja, kwa sababu mgeni ni mgeni hata akija na fomu. Chupa ilikuwa imefunguliwa. Ilikuwa imepungua glasi nzima.

Akatazama glasi za mezani. Nne, kavu, zinang'aa kama alivyozifuta asubuhi.

Akachomeka kiazi kwenye uma, akakisugua kwenye lile donge, akatia mdomoni. Ukali wa divai ukamkaa kwenye ulimi. Akatafuna mpaka mwisho, akameza. Badala ya hofu ikaja hasira, hasira safi ya mtu mwenye akili timamu.

"Karibuni," akasema. "Bertrand mwanangu, anza wewe mkubwa."

Bertrand akachomeka mkate, akauzamisha. Donge likaung'ang'ania. Akavuta, halikuachia. Akasimama nusu, akavuta kwa nguvu zote za idara ya bima, na uma ukatoka mtupu. Mkate ukabaki chunguni.

Kila familia ina adhabu yake kwa anayepoteza mkate kwenye fondue. Wengine huosha vyombo, wengine huimba. Kwa Marius adhabu ilikuwa moja tangu zamani: aliyepoteza mkate hujibu swali moja la mwenye nyumba, na hujibu kweli. Hivyo ndivyo ilivyojulikana nani alivunja kioo cha kanisa.

"Mama, si leo," alisema Bertrand.

"Leo ndiyo. Swali langu fupi. Nani kaitia divai jibini yangu?"

Bertrand akatazama mkate wake chunguni. Josiane akapumua, kwa ndani, kwa nje, kitaalamu kabisa.

"Mama, mambo hayo sasa hivi si ya—" alianza Josiane.

"Sijakuuliza wewe. Mkate wako unao."

Halafu Ursina akaweka uma wake mezani.

"Sisi, Mama," akasema. "Bertrand kamimina, Josiane kaongeza moto. Mimi nimekoroga. Walisema umesahau divai na wanakuokoa. Ilipoharibika, Josiane akasema tunyamaze."

"Ursina!" Bertrand akafoka.

"Ursina nini? Miaka ishirini naambiwa mama yako mkali. Mkali ndiye huyu aliyekubali kosa lisilo lake?"

Josiane akalia tena, na safari hii machozi yalitoka bila mpango. "Tulidhani umesahau, Mama. Kweli tulidhani. Fondue isiyo na divai tuliiona wapi?"

"Hapa," alisema Léonie. "Kwenye meza hii. Baba yenu aliikoroga, nyie mkagombania lile gamba la jibini la chini ya chungu mpaka mkatiana uma mikononi. Nionyeshe mkono wako."

Josiane hakuuonyesha. Kovu alilijua lilipo.

"Nipe hiyo fomu."

Akaivuta mwenyewe, akavaa miwani, akasoma kwa sauti. "'Husahau mambo ya kila siku? Ndiyo. Mfano: leo amesahau kutia divai kwenye fondue, na amesahau moto ukawa mkali, chakula kikaharibika.'" Akavua miwani. "Mwandiko mzuri. Mwalimu wako angefurahi."

"Mama, naomba unisamehe."

"Ngoja. Divai sijali. Jibini nayo naweza kununua nyingine." Akaikunja fomu mara mbili. "Ila mimi niliwaamini. Nilisimama pale nikatazama chungu nikasema basi, kichwa changu kimekwisha. Mlikuwa mnaniona. Mmeniangalia nikijiogopa mwenyewe, mkanipa kalamu."

Bertrand akafunika uso kwa mikono yake miwili mikubwa. Hatimaye akatoa simu, akaiweka katikati ya meza, akabonyeza namba ya nyumba ile ya Bulle, akaifungulia sauti wote wasikie.

Akapokea mwanamke mwenye lafudhi ya hukuhuku milimani.

"Ni Gremaud," alisema Bertrand. "Kile chumba. Mama hatakuja."

"Hakuna shida, bwana. Naandika. Sababu?"

"Lazima sababu?"

"Kuna nafasi yake hapa kwenye fomu."

Bertrand akamtazama mama yake. Mama yake alikuwa anamenya kiazi.

"Tulisema anasahau. Hakuna alichosahau. Tulitia divai kwenye fondue yake ikaharibika, tukamsingizia yeye."

"Fondue gani?"

"Ya vacherin."

"Vacherin tupu?"

"Ndiyo."

"Mkatia divai?" Kalamu ikasikika ikiwekwa chini. "Na moto?"

"Tuliongeza," alinong'ona Josiane.

"Yesu na Maria," alisema yule mwanamke. "Na nyie ndio mlionipigia wiki nzima kuniambia mama yenu ndiye hakumbuki?"

Ursina alikuwa amejiziba mdomo kwa kitambaa cha meza, mabega yanaruka. Léonie akaisogelea simu, akainama karibu yake.

"Mama, habari za kazi? Mimi ndiye Léonie mwenyewe. Jumapili ijayo una zamu?"

"Sina, Mama."

"Basi njoo ule. Saa sita. Mkwe wangu Ursina atakuwepo, namfundisha kukoroga." Akawatazama wanawe, mmoja baada ya mwingine, kwa muda wa kutosha. "Hawa wawili bado nawafikiria."