Bomba la Majivu

Ndara ndizo zilizosikika kwanza, pwata, pwata, zikipanda mlima ndani ya ukungu wa Kisarawe. Kisha vicheko. Ukungu ulipoachia njia nikawaona watu wanaingia uwanjani, kila mmoja na jembe begani.

Kosa halikuwa lao. Nilimwomba Mzee Shomari, balozi wetu wa nyumba kumi, aniitie watu Jumamosi asubuhi, na balozi akiita Jumamosi watu hujua ni shamba la kijiji. Nikawaambia waweke majembe chini. Leo hawalimi, leo wao ni hewa.

Shangazi yangu Mwanahalima akauliza kama hewa inapewa chai.

Mwalimu Telesphory, aliyekuja kwa basi kutoka Dar kunipima, alicheka peke yake pembeni. Huyu aliwahi kufanya kazi Ulaya kwenye mtambo wa kukimbizia chembe ndogo kuliko atomu. Chembe hizo hukimbia ndani ya bomba refu, na hewa ya humo lazima inyonywe karibu yote. Ikibaki, chembe huigonga, hupotea njia na kutawanya mnururisho, yaani mionzi ya hatari. Mimi, Twalibu, mwalimu wa fizikia Kibaha, nilikuwa nimeandika programu ya kukadiria hewa hiyo itatokaje. Unaachia punje moja ya hewa, inagonga ukuta, inarushwa kokote kwa bahati, mpaka itokee mbele au irudi ilikoingilia. Unarudia mara nyingi sana, kisha unahesabu. Telesphory ndiye aliyeweza kunipa nafasi kwenye kompyuta kubwa ya mjini, naye akasema hiyo ni kamari, si fizikia. Nikamjibu kwamba nitampa jibu lilelile la kitabu chake cha fizikia bila kompyuta, kwa miguu ya watu wa kwetu. Akasema nikishindwa nisimwombe tena.

Nilichora bomba kwa majivu: kuta mbili, wazi huku na huku, urefu sawa na upana. Mlangoni mwa bomba na kwenye kila ukuta niliweka kapu la vibao vyenye mishale, mtu aokote kimoja bila kuchagua na kukifuata, mingi ikielekea mbele moja kwa moja, michache ikilala ubavuni, kama hewa yenyewe ifanyavyo. Kitabu kilisema karibu theluthi mbili ya wanaoingia watatokea upande wa pili. Na kwa kuwa kazi yangu haiendi bila shairi, nikawaimbia:

Ukiingia bombani, wenzio usiwajali,
Ukigonga ukutani, mshale ndio dalili.

Wakaingia wote pamoja, maana nilitaka Telesphory aone umati. Likawa soko. Vijana walipokutana na Mzee Shomari walisimama wakamwamkia. Akaitikia, akawauliza za nyumbani. Marselina wa posta alimkuta shoga yake, wakaongozana kwa mshale mmoja. Waliotokea mbele hawakufika hata nusu. Telesphory akatazama saa, akasema basi halimsubiri mtu.

Shangazi alikuwa amesimama katikati ya bomba kama nguzo. Nikamuuliza kwa ukali kwa nini hafuati mshale wake.

"Unanipeleka kwa mkwe wangu," alisema, akimwonyesha Shomari, ambaye mwanawe amemwoa binti wa shangazi. "Nimpite kama napita gogo? Sipiti, baba. Atoke kwanza yeye, ndipo niingie mimi."

Hapo ndipo nilipoliona kosa langu. Ndani ya bomba lililonyonywa, hewa ni haba mno hata punje hazikutani. Zinakutana na kuta tu. Programu yangu iliziachia moja moja. Umati ulikuwa wa kwangu mimi na mbwembwe zangu.

Nikawatoa wote, wakaanza upya, mmoja mmoja. Waliosubiri walikalia mipini ya majembe wakimtania aliyemo. Shangazi aligonga ukuta huu, akagonga ule, akatokea mbele akicheza, vigelegele vikampokea. Telesphory alishika hesabu mwenyewe kwa vijiwe, akawarudisha watu bombani tena na tena, na basi likaondoka bila yeye. Ukungu ulipokwisha kabisa, vijiwe vilisema karibu theluthi mbili.

"Jumatano kompyuta ni yako," akasema. "Kamari yako imelipa."

Nilikuwa nimeshapanga ubeti wa kumjibu, ila shangazi aliniwahi. Alitaka kujua kama mashine ikishaanza, kutembea kwao kutakuwa kumetupwa.

"Hakutupwi, shangazi," nikamwambia. "Jumatano nitaanza na bomba hili la majivu, kabla ya lile la Ulaya. Mashine ikitoa jibu lisilolingana na lenu, sitaiamini. Nitarudi hapa, tulitafute kosa mimi na wewe."