Mapua na Kikopo cha Sabuni

"Pua yangu hii gesi yenyewe inaiogopa," alisema Mapua. "Ikivuja nyumba ya tatu, mimi nimeshajua. Sabuni ni ya wenye pua za urembo. Siku mkiniona nimeshika kikopo cha sabuni, nileteeni na nguo nifue!"

Mjomba wake, fundi umeme, alicheka hadi chai ikampalia. Shangazi yake, fundi gesi, hakucheka.

Wote watatu walikuwa na kazi kwenye nyumba mpya, na kesho yake Mapua alikuwa anajiandikisha chuo cha ufundi. Fani ni moja tu: umeme au gesi. Moyo wake uko kwenye gesi, na shangazi alishampa sharti.

"Leo jiko hili unalifunga wewe. Ukifunga sawasawa, kesho nakupeleka mwenyewe."

"Ukishindwa njoo kwangu, mpwa wangu," mjomba alisema, akabeba ngazi yake kwenda vyumbani kuvuta nyaya.

"Nije nifuate waya kama mbuzi wa kamba? Thubutu!"

Mapua alifunga bomba, akakaza nati. Shangazi akakoroga sabuni kwenye kikopo, akampa na brashi.

"Naenda nje kufungua mtungi. Wewe paka kila kiungo. Panapotoa povu, panavuja. Pua ya mtu mimi siiamini, hata yangu."

Gesi ikaja. Mapua akainama, akavuta pumzi. Wapi! Tangu juzi alikuwa na mafua, pua zimeziba kama chupa yenye kizibo. Hata panya angemfia mfukoni, asingejua. Alikuwa akipenga kwa kujificha, maana ukishajisifia pua mtaa mzima, utaanzaje kusema imeziba?

Akaitazama brashi. Kupaka ni kazi ya kufumba na kufumbua. Lakini mjomba akipita je, akamkuta na kikopo? Masikio yalimwaka moto kabla hata hajachekwa. Akachungulia mlangoni: hamna mtu. Akachovya brashi ilowe, akamwaga nusu ya sabuni kwenye sinki, akaviweka pembeni kama vimetoka kazini.

Shangazi akarudi. "Umepaka?"

"Nimepaka."

"Viungo vyote?"

"Vyote, shangazi. Povu sikuliona hata moja."

Hilo la povu, angalau, lilikuwa kweli tupu.

Uso wa shangazi ukachanua. "Kumbe umekua, baba." Mapua akainamisha macho, sifa ile ilimchoma kuliko tusi. Shangazi akatoa kiberiti.

"Usiwashe, shemeji!"

Sauti ilitoka juu. Kwenye tundu la dari, pale ambapo taa ilikuwa bado kufungwa, ulichungulia uso wa mjomba, umejaa vumbi. Alikuwa ametambaa na waya wake kutoka vyumbani.

"Sabuni kaimwaga kwenye sinki. Bomba hajaligusa. Nimemwona kwa macho yangu."

Shangazi akarudisha kiberiti mfukoni. Akachukua brashi, akapaka nati ya kwanza. Povu likavimba, likapasuka, likavimba tena. Akatoka kwenda kufunga mtungi.

"Basi mjomba," Mapua alisema, "nitakuja kwenye umeme."

"Uje kwangu?" Mjomba hakuwa anacheka sasa. "Uniambie umezima umeme, na mimi nishike waya?"