Mafuta ya Samaki Wakati wa Mfungo

Hapa Užice, mjini kwetu Serbia, sijaona mtu mwenye kichwa kigumu kama mama yangu, Milunka, na hilo nalisema nikiwa nampenda.

Kaka yangu Radosav ana ugonjwa wa hisia. Kuna miezi hashuki kitandani, halafu ghafla halali, anataka kununua mashamba ya watu. Mwaka juzi tulimtoa mtoni alikojitupa. Vidonge ndivyo vilivyomtuliza hata akarudi kazini kiwandani. Kabla ya Krismasi daktari akamwongezea mafuta ya samaki, yale ya kumeza, akasema mara mbili mbele yetu: "Haya yanasaidia tu. Vidonge asiviache."

Mama akasikia alichotaka kusikia. Jumamosi nilienda kuwaona, nikamkuta Radosav amelala na viatu, ndevu za wiki mbili. Nikafungua droo. Vidonge tele.

"Mama, hivi vinafanya nini humu?"

"Nilimwachisha Januari. Mafuta yanamtosha. Ni chakula tu."

"Haya, na mafuta yako wapi?"

"Kwaresima hii, Desanka! Sisi Waorthodoksi, samaki kwenye mfungo? Unataka kututia dhambini?"

Nilitamani kupiga kichwa ukutani. Yaani dawa kaziondoa kwa ajili ya mafuta, mafuta nayo kayaondoa kwa ajili ya mfungo, na mtu mzima wa miaka arobaini anatibiwa kwa maharage ya mfungo! Nikampigia Padri Vitomir, nikamweleza yote, nikaweka simu mezani sote tusikie.

"Mama Radosav," padri akasema, "dawa haivunji mfungo."

"Si dawa, Padri. Ni samaki."

"Kwani anayameza kwa sababu ana njaa?"

Mama akaanza kufuta meza ambayo tayari ilikuwa safi. Nikamwambia, "Jibu basi, umeulizwa!"

"Nikisema ni dawa," akasema, "nimesema mwanangu mgonjwa. Majirani nimewaambia hanywi dawa, anakula samaki tu."

Nilikuwa na maneno makali ya kumjibu, yote nimeyapanga. Mlango wa chumbani ukafunguka, Radosav akasimama pale akishikilia fremu kwa mikono miwili.

"Naumwa, Mama," akasema. "Mpigieni daktari."