Uso Niliousafisha

Kazi yangu ni kudanganya watu kwa hiari yao. Mteja anaingia studio na chunusi saba, anatoka na picha ya pasipoti isiyo na hata moja, na ananiombea heri. Nimefuta makovu, nimefungua macho ya walioamkia ulevi, nimemrudishia bwana harusi mmoja nywele ambazo Mungu alishazichukua. Bosi akanibandika jina la Sabuni, likanifuata hadi nyumbani. Mke wangu akitaka kunichokoza huniambia, "Sabuni, vyombo navyo vinakusubiri."

Tulipopata binti, kila mwezi ulipotimia nilimlaza juu ya shuka jeupe karibu na dirisha, nikampiga picha, nikaisafisha, nikawatumia ndugu wote. Shangazi yangu alisema mtoto kafanana na marehemu babu, ambaye alisinzia kwenye kila kikao cha ukoo, hata kile cha posa yake mwenyewe. Tukacheka. Ni kweli binti alikuwa analala sana. Akinyonya kidogo, kachoka. Mwezi wa nne, pale kliniki, watoto wenzake walikuwa wanageuza vichwa kutafuta sauti za mama zao. Wa kwetu shingo ilikuwa bado haijakaza. Kichwa kilibaki upande wowote kilikoangukia. Nesi wa mizani alimfungua kiganja, akamtazama masikio, akaacha kupiga soga. Kisha akatuandikia karatasi ya kwenda kwa daktari bingwa.

Daktari alikuwa mama wa makamo, msema kweli. Alituambia huenda mtoto ana tatizo la vinasaba, jambo lililokuwemo kwenye maumbile yake tangu tumboni, si kitu alichokula mama wala alichofanya baba. Huenda. Neno hilo alilitaja mara tatu, na mke wangu alilidaka mara zote tatu. Akamtoa damu ipelekwe maabara ya mbali, majibu baada ya wiki sita. Lakini kwanza turudi Jumatano na picha za mtoto tangu azaliwe, aone uso umekuwaje.

Hapo nikajiona wa maana. Nilizichapa zote nne kwenye karatasi bora ya studio, saizi ya kutundika ukutani, kama mtu anayekwenda kwenye mashindano.

Jumatano daktari akazipanga mezani. Akatazama picha, akatazama mtoto, akarudi kwenye picha. Akatueleza taratibu kwamba yapo magonjwa ambayo mtoto huzaliwa na sura ya kawaida, halafu uso hubadilika kwa sababu mwili unashindwa kutoa vitu fulani, vinajikusanya ndani. Watoto hao hata walichokwisha kujifunza hukipoteza. Kwa picha hizi, alisema, anaona tuanzie huko: mtoto alazwe, akatwe kipande kidogo cha ngozi kwa ajili ya kipimo.

Mke wangu akauliza watoto wa namna hiyo hufika umri gani. Daktari akasema kwanza tupate kipimo.

"Lakini mbona mimi namwona ni yuleyule?" mke wangu akasema. "Alizaliwa hivihivi."

Daktari akamjibu kwa upole kwamba anayemwona mtoto kila siku hawezi kugundua anavyobadilika. Nikamwona mke wangu anamtazama binti pale mapajani, kisha picha, na anaanza kutoyaamini macho yake.

Mimi nilikuwa natazama sikio la kushoto kwenye picha ya mwezi wa kwanza. Nilikuwa nimelipandisha. Macho nilikuwa nimeyasogeza yakaribiane, kidogo tu, upana wa punje ya mchele. Mdomo unaobaki wazi nilikuwa nimeufunga. Sikuwahi kukaa chini nikaamua. Mkono ulifanya ulivyozoea. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikijiambia. Ila picha za watoto nimesafisha mamia, nikafuta udenda na vipele vya joto, na hata siku moja sijawahi kumhamisha sikio mtoto wa mtu.

"Nimezisafisha," nikasema.

Daktari hakuelewa. Mke wangu alielewa.

"Zote?"

"Zote."

"Hata hii ya mwezi wa kwanza?"

Nikamweleza daktari, nikionyesha kwa kidole, hapa, na hapa, na hapa. Alipiga mstari juu ya alichoandika kuhusu ngozi, akasema basi tusubiri damu. Akaomba picha zenyewe, zile ambazo hazijaguswa. Sikuwa nazo. Studio tunahifadhi picha iliyosafishwa juu ya ile ya mwanzo, ya mwanzo ikafutika, ili kompyuta isijae, na za nyumbani nilizifanya vivyo hivyo. Ndugu walikuwa na nilizowatumia mimi. Mke wangu hakuwahi kupiga hata moja. Siku zote alisema picha kamwachia mwenye kazi yake.

"Mwezi wa kwanza nilikwambia mtoto hanyonyi vizuri," akasema, bila kupandisha sauti. "Nilikwambia nahisi kuna kitu. Ukasema ni woga wa uzazi wa kwanza. Ukanichekesha mpaka nikaona kweli, mimi ndiye mwenye matatizo. Na ulikuwa umeshaona."

Nikaanza kuzikusanya picha pale mezani.

Daktari akasema itabidi mtoto apigwe picha leo, mbele na ubavuni. Nikaingiza mkono kwenye begi kutoa kamera. Mke wangu akaniwekea mtoto mikononi.

"Mshike wewe," akasema. "Mimi nitapiga."

Akachukua kamera ya hospitali. Nilimkalisha binti, kiganja kikiwa nyuma ya kichwa chake, maana angeanguka. Daktari akaniambia nishushe vidole, vinaziba sikio. Nikashusha. Lilikuwa pale chini lilipokuwa tangu siku ya kwanza, dogo, na vinyweleo laini kwenye ukingo.

Mke wangu alipiga mara mbili. Picha zilipinda, na dole gumba langu liliingia. Alitazama kioo cha kamera muda mrefu, kisha akamuuliza daktari kama na yeye anaweza kupata nakala, kwa sababu hana picha hata moja ya mwanawe.