Kitambaa cha Mado

Mado alikuwa ameshafika katikati ya njia iliyo baina ya viti alipogundua kwamba hakuna mwingine aliyesimama.

Jukwaani binti yake, Jessica, alikuwa akiimba peke yake kwa mara ya kwanza katika jumba lile la opera la Dallas, kwenye mchezo wa nyimbo wa zamani ambao Wamarekani wanaujua tangu utotoni. Taa zilimmulika usoni, jasho likamtiririka. Na kanisani kwao, mtaa wa Vickery Meadow, mwimbaji akitokwa jasho namna ile, mama mmoja huinuka akamfuta. Hiyo ndiyo sifa yenyewe. Asiyefutwa hurudi kitini mnyonge, akijua hakugusa moyo wa mtu. Mado alikipiga pasi kitambaa asubuhi kwa ajili hiyo hiyo. Isitoshe, kufuta nyuso ndiyo kazi yake: anatunza wazee katika mji wa Mesquite, na hajawahi kuona uso umelowa akaupita.

"Ma'am," mhudumu wa ukumbi alimnong'oneza, akimshika kiwiko. "Please, sit down."

Kiingereza chote kikamtoka kichwani. "Niko naenda kumupanguza mutoto wangu," akasema kwa Kiswahili cha kwao, kwa sauti ya kanisani.

Mbele yake kulikuwa na shimo la wapiga vyombo vya muziki. Hata angeruka asingefika. Akabaki pale, kitambaa amekinyoosha. Watu wakacheka, kwanza wachache, kisha safu nzima. Jessica akaruka mstari wa wimbo. Mmoja tu, lakini Mado aliusikia ukikosekana, na alirudi kitini akitamani ardhi ipasuke immeze, yeye na kitenge chake kipya.

Baada ya onyesho alimsubiri kwenye mlango wa nyuma. Jessica alitoka na waimbaji wenzake wawili, bado wanacheka.

"Who was that lady?" mmoja akamwuliza. "Do you know her?"

Jessica alikuwa ameshamwona mama yake. Wakatazamana.

"No," akasema.

Neno lile lilimchoma Mado, lakini aibu ya kumharibia mtoto siku yake ilimchoma zaidi. Akageuka haraka, akajifanya anasoma bango ukutani. Mmoja wa waimbaji wale, msichana mwenye huruma zake, akamsogelea. "Are you waiting for somebody?"

"No," Mado naye akajibu. Kiingereza kilikuwa kimemrudia. "Only train."

Akaondoka bila kutazama nyuma.

Treni ilikuwa karibu kufunga milango Jessica alipoingia mbio, peke yake, rangi za jukwaani bado usoni. Akakaa kando ya mama yake, anahema.

"Mama," akaanza.

Jasho lilimshuka kwenye paji la uso, likachora mstari katika poda, likafika kwenye nyusi. Mado aliliona. Mkono wake ulikuwa tayari ndani ya mkoba, umekishika kitambaa, na kwa mara ya kwanza maishani hakujua kama anaruhusiwa.

Jessica akamgeukia, akafumba macho, akangoja.