Waya Alipomkatalia Mama Yake

Mfamasia mkuu wa hospitali alikuwa mwanamke wa kauli moja. Akisema kabati lifungwe, linafungwa. Mwanawe wa pili alipoajiriwa kitengo cha kompyuta hospitalini hapohapo, watu hawakukosa la kusema: kijana kabebwa mgongoni. Mama alijua mwanawe alifanya usaili kama wenzake, lakini hakujisumbua kujibu. Maneno ya watu hayazimwi kwa maneno. Kijana mwenyewe walimpachika jina la Waya, kwa kazi yake na kwa wembamba wake, naye akalipokea bila kununa.

Jumatatu moja asubuhi, programu ya ripoti ikagoma. Kila mama alipobonyeza ili aone akiba ya dawa, kompyuta ilimjibu kwamba imeshindwa kuunganishwa na kanzidata, yaani hazina ya kumbukumbu zote za hospitali. Bila ripoti hakuna oda, na gari la bohari ya dawa lilikuwa uani likiisubiri, dereva keshaanza kuguna. Insulini ilikuwa ukingoni mwa kuisha. Karani wa stoo, ambaye ulimi wake haukuwa na breki, akasema ni mtandao tu, wazime wawashe. Wakazima, wakawasha. Wimbo ukawa uleule.

Waya akaja, akamwamkia mama yake, akavuta kiti. Hakuzima kitu. Akapima kwanza kama mtandao unafika kwenye seva, ile kompyuta kuu inayotunza hazina, akakuta unafika. Akafungua programu ya mapokezi, ambayo huchota kumbukumbu zake kwenye hazina hiyohiyo, ikafunguka.

"Basi hazina ni nzima, mama," akasema. "Aliyepotea njia ni ripoti."

Akachimba mipangilio yake, akakuta bado inabisha hodi kwenye seva ya zamani, iliyohamwa mwishoni mwa wiki. Programu nyingine zote zilipewa anwani mpya, hii ilisahauliwa. Akaandika anwani mpya, akajaribu. Ujumbe ukabadilika: mlango umeonekana, ila mgeni hatambuliki. Akaunti ya ripoti haikuhamishwa.

Karani akanong'ona, kwa mnong'ono wa kusikika na kila mtu, kwamba hizo ndizo hasara za kubebana. Mama maneno yakamchoma. Alijua kitengo cha kompyuta kina nywila kuu, ifunguayo kila kitu.

"Weka hiyo nywila yenu kuu, baba, gari liondoke."

Waya akaondoa mikono kwenye kibodi. "Nikiiweka itafunguka sasa hivi, mama. Lakini kuanzia leo, yeyote anayefungua ripoti ataweza hata kufuta kumbukumbu za wagonjwa. Hilo siwezi. Nivumilie kidogo, niombe akaunti ya kusoma tu."

Hakuna aliyewahi kumwambia mfamasia mkuu "siwezi" mbele ya watu. Hasira zikampanda, na papo hapo zikageuka kitu kingine. Mara ngapi yeye mwenyewe amewarudisha madaktari wazima dirishani pake kwa kukosa sahihi moja tu? Akamtazama yule mwembamba, shingo imenyooka, hatetemeki. Huyu nimemzaa kweli, akajisemea.

Akatoka kwenda uani, yeye asiyembembeleza mtu, akambembeleza dereva asubiri.

Aliporudi, mkuu wa kitengo cha kompyuta alikuwa ameshaifungua akaunti ya kusoma tu, na ripoti ikajitokeza, safu kwa safu. Watu wakaanza kuchangamka, lakini Waya alikuwa bado. Alimwomba mama yake achague dawa moja, aihesabu kwa mkono. Mama akaliendea jokofu, akahesabu insulini chupa kwa chupa. Ikalingana na ripoti, bila kupungua wala kuzidi. Oda ikatoka, gari likaondoka.

Mchana mkuu wa maabara akapiga simu. Ripoti zake nazo zimegoma. Nani aliyewatengenezea huko famasi?

"Ni mwanangu," mama akasema, na sauti hakuipunguza, karani akiwa palepale anapanga maboksi. "Namleta sasa hivi. Na akikukatalia jambo, daktari, usibishane naye. Ana sababu."